Gazeti la Bure la Kitongoji cha Jangwani: Tathmini kwa Wanaohamia Pembezoni mwa Phoenix

Katika jiji la Phoenix na miji inayolizunguka, jimboni Arizona, ipo huduma inayomfikia mkazi bila kumgharimu hata senti moja, na ambayo watu wengi huiokota mbele ya nyumba na kuitia moja kwa moja kwenye pipa la taka. Huduma hiyo ni gazeti la bure la kila wiki. Nazungumzia magazeti kama West Valley View, linalosomwa Avondale, Goodyear, Buckeye na majirani zao wa upande wa magharibi, pamoja na Gilbert Sun News, Queen Creek Tribune na East Valley Tribune ya upande wa mashariki. Nimeyasoma kwa muda mrefu, mara nyingi kalamu ikiwa mkononi, na hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asilazimike kuitafuta: kwa mtu anayekusudia kununua nyumba au kulea watoto katika vitongoji hivi vipya, sijaona chombo kingine cha habari kinachomfaa kuliko hiki, ilimradi ajue aanzie ukurasa gani na ajue pia ni mambo gani hatayapata humo.

Tathmini hii nawaandikia hasa wasemaji wenzangu wa Kiswahili. Familia nyingi kutoka Kongo na Burundi, baadhi yao zikiwa zimepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, zimepewa makazi Phoenix na Glendale katika miaka ya karibuni. Baada ya kuanza na nyumba za kupanga, sasa wapo wanaotazama mbali zaidi, kwenye miji ya pembezoni ambako eneo la nyumba ni kubwa, shule ni mpya na dalali huahidi mambo mengi. Huko ndiko habari za mahali zinakohitajika zaidi, na ndiko ambako ni vigumu zaidi kuzipata.

Kasi ya ukuaji wenyewe inaeleza sababu. Mwaka 2000 Buckeye ilikuwa na wakazi 6,537; sensa ya mwaka 2020 ilihesabu 91,502. Katika miaka hiyohiyo Queen Creek ilitoka wakazi 4,316 hadi 59,519. Gilbert, ambayo mwaka 1980 ilikuwa mji wa mashamba wenye watu 5,717, ilifikisha 267,918 mwaka 2020. Mji unaoongezeka namna hiyo hukosa wazee wa mtaa. Karibu kila jirani amehamia baada ya barabara kujengwa, kwa hiyo hakuna wa kumweleza mgeni kwamba korongo lile kavu nyuma ya ukuta hubeba mafuriko wakati wa mvua za Julai na Agosti, wala kwamba uwanja ule uliozungushiwa nyaya uliidhinishwa zamani kuwa eneo la maghala ya malori. Kwetu kazi hiyo hufanywa na mzee anayekaa kibarazani jioni. Huku hufanywa na mwandishi mmoja wa habari aliyeketi mstari wa nyuma katika kikao cha baraza la mji, akisikiliza mjadala ambao hakuna mtu mwingine aliyekuja kuusikiliza.

Habari kubwa kuliko zote katika magazeti haya ni maji, na humo ndimo nitakamoyapima kwa makini.

Mwaka 1980 Arizona ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Maji ya Chini ya Ardhi. Katika maeneo yaliyowekwa chini ya usimamizi, likiwemo eneo la Phoenix, anayetaka kukata ardhi kuwa viwanja na kuviuza lazima athibitishe kwamba maji ya kuwatosha wanunuzi yapo kwa miaka 100. Sheria hiyo ni ngumu na nzuri, na imewalinda wanunuzi wengi. Lakini ina mwanya ambao kila mnunuzi anapaswa kuufahamu kabla ya kutia saini: ardhi ikigawanywa katika vipande vitano au pungufu, haihesabiwi kuwa mradi wa viwanja, na sharti la miaka 100 haliigusi. Mtu anaweza kununua nyumba mpya yenye milima mizuri dirishani na hati halali mkononi, asiwe na bomba wala kisima chenye maji.

Hayo ndiyo yaliyowakuta wakazi wa Rio Verde Foothills, jamii iliyo nje ya mipaka ya Scottsdale, katika ardhi ya Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo. Mamia ya nyumba za hapo zilitegemea maboza yaliyochota maji kutoka kituo cha jiji la Scottsdale na kuyamimina kwenye matangi ya chini ya ardhi. Kwa kuwa Mto Colorado, chanzo chake kikuu cha maji, ulikuwa umepungua, Scottsdale ilitangaza kwamba haitaendelea kuwauzia maji watu wasio wakazi wake, na tarehe 1 Januari 2023 ikafunga bomba kweli. Hapo ndipo kamera za taifa zima zilipowasili, na dunia ikaoneshwa familia zinazokinga maji ya mvua kwa ndoo na kula kwenye sahani za karatasi ili zisioshe vyombo.

Msomaji wa magazeti ya mahali alikuwa na nafasi ya kuyajua hayo mapema zaidi. Onyo la Scottsdale lilikuwa limetolewa miaka kadhaa kabla. Mwezi Agosti 2022 Bodi ya Wasimamizi ya Kaunti ya Maricopa ilikataa ombi la baadhi ya wakazi la kuunda wilaya yao ya maji, jambo ambalo jirani walikuwa wakilibishania vikali, kwa sababu wapo waliokuwa na visima vyao na hawakutaka kuingizwa katika mamlaka mpya yenye uwezo wa kutwaa ardhi. Kura ya namna hiyo haiwi habari katika televisheni ya taifa. Huwa habari katika gazeti la kitongoji, kwenye ukurasa wa ndani, chini ya kichwa kisichovutia, na mnunuzi aliyeiona mwezi huo wa Agosti alikuwa na miezi minne ya kujiokoa. Mwezi Juni 2023 sheria maalumu ilitiwa saini ili kupata suluhisho la muda, na mwezi Oktoba maji ya Scottsdale yakaanza kupelekwa tena. Zaidi ya miezi tisa ilikuwa imepita, na kwa mwenye mkopo wa nyumba na watoto wadogo hiyo ni miezi mingi.

Jambo la pili linaonesha tofauti kati ya habari ya mbali na habari ya karibu. Tarehe 1 Juni 2023 Gavana Katie Hobbs na Idara ya Rasilimali za Maji ya Arizona walitangaza matokeo ya hesabu mpya: kwa muda wa miaka 100 ijayo, eneo la Phoenix litapungukiwa maji ya chini ya ardhi kwa kiasi cha ekari-futi milioni 4.86, karibu asilimia 4 ya mahitaji. Ekari-futi moja ni maji yanayotosha kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, takriban lita 1,233,000. Kwa sababu hiyo, vyeti vipya vya miradi inayotegemea maji ya chini ya ardhi peke yake vilisimamishwa. Siku mbili tatu baadaye jamaa kutoka Nairobi na Dar es Salaam walikuwa wakiniuliza kama ni kweli Phoenix imeishiwa maji na watu wanahama.

Magazeti ya vitongoji yalikuwa na kazi ya kueleza kile ambacho vichwa vya habari vya dunia vilikiacha. Miji kama Phoenix, Peoria, Goodyear na Gilbert imeteuliwa na idara hiyo kuwa na maji ya uhakika ya miaka 100 kwa mji mzima, kwa hiyo nyumba mpya ndani ya huduma zake hazikusimama. Buckeye na Queen Creek hazikuwa na uteuzi huo. Huko kila mradi ulihitaji cheti chake. Waliokwisha kupata vyeti waliendelea kujenga. Kwa hiyo wanunuzi wawili, mmoja Goodyear na mwingine Buckeye, wanaweza kutenganishwa na barabara moja tu, lakini maswali wanayopaswa kumwuliza muuzaji hayafanani. Gazeti linalomfafanulia msomaji tofauti hiyo kwa lugha nyepesi limemfanyia kazi ambayo wakili angemlipisha fedha nyingi.

Nikae kidogo Buckeye, maana hapo kuna mambo ambayo nisingeyaamini kama yasingekuwa katika kumbukumbu za baraza. Mji huo una mradi unaoitwa Teravalis, wa kampuni ya Howard Hughes, uliopangwa kwenye ekari 37,000 na kukusudiwa kuwa na nyumba 100,000. Mwezi Januari 2023, alipoingia madarakani, Gavana Hobbs alitoa hadharani ripoti kuhusu maji ya bonde dogo la Hassayampa, ambalo sehemu kubwa ya ukuaji wa Buckeye inalitegemea, na akasema ripoti hiyo ilikuwa imefichwa na utawala uliomtangulia. Katika majira hayohayo, baraza la Buckeye liliidhinisha dola milioni 80 kwa ununuzi wa ekari moja ya ardhi iliyo mbali na mji. Mwenye haraka angedhani ni kosa la uchapaji. Kilichonunuliwa hasa ni haki ya kuchukua ekari-futi 5,926 za maji kila mwaka kutoka bonde la Harquahala, mojawapo ya maeneo machache ambayo sheria inaruhusu maji yake kusafirishwa hadi mijini. Kwa upande wa mashariki, Queen Creek ilinunua haki ya ekari-futi 2,033 za Mto Colorado kutoka shamba la Cibola, umbali wa takriban kilomita 300, na kaunti za kandokando ya mto zikaenda mahakamani kupinga. Mwezi Februari 2024 jaji wa shirikisho aliagiza tathmini ya mazingira ifanywe upya kwa undani zaidi.

Mlipa kodi wa kawaida anahitaji nini kutoka kwa gazeti katika mambo kama haya? Anahitaji kuelezwa ni nani anayeuza, ni nani atakayelipa, bili yake ya maji itapanda kwa kiasi gani, na wakulima waliokuwa wakitumia maji hayo wamebaki na nini. Kwa maswali mawili ya kwanza nayapa magazeti ya vitongoji alama za juu. Kwa swali la tatu hujitahidi, ingawa mara nyingi jibu huja baada ya kura kupigwa. Kwa swali la nne ni dhaifu, kwa kuwa mkulima wa kaunti nyingine si msomaji wao na hanunui tangazo kwao. Dosari hiyo inanisikitisha. Anayefungua bomba Queen Creek angepaswa kujua maji yake yametoka kwa nani, na mwaka 2025 haja hiyo iliongezeka, kwani Gavana alitia saini sheria inayoruhusu mashamba kuachiwa ili maji yake, kwa kiwango kilichopunguzwa, yatumike kwa nyumba mpya.

Wapo watakaosema kwamba gazeti la kitongoji haliwezi kuwa gazeti la maana. Historia ya bonde hili inawapinga. Mwaka 2008 East Valley Tribune, lililokuwa na makao Mesa, lilichapisha mfululizo wa makala za Ryan Gabrielson na Paul Giblin zilizoonesha jinsi ofisi ya Joe Arpaio, sherifu yaani mkuu wa polisi wa Kaunti ya Maricopa, kwa kuelekeza nguvu zake kwenye msako wa wahamiaji, ilivyochelewa kuitikia wito wa dharura na kuacha uchunguzi wa makosa mengine ukizorota. Aprili 2009 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Pulitzer ya habari za mahali. Wakati tuzo inatangazwa, Giblin alikuwa amekwisha kupoteza kazi katika punguzo la wafanyakazi la Januari mwaka huo, na gazeti lenyewe lilikuwa limeacha kutoka kila siku. Kila ninaposikia watu wakisema habari hazina haja ya kulipiwa, nakumbuka mwandishi aliyepata heshima kubwa kuliko zote katika taaluma yake akiwa hana tena meza katika chumba cha habari kilichoizaa.

West Valley View nalo lina ukurasa wake wa heshima. Ofisi hiyohiyo ya sherifu ilikataa kulipatia gazeti hilo taarifa zake kwa vyombo vya habari kwa wakati, huku ikiwapa wengine, nalo likaenda mahakamani. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya Arizona ililipa ushindi, ikisisitiza wajibu wa ofisi ya umma kutoa kumbukumbu zake bila kuchelewesha. Gazeti dogo la vitongoji vilivyokuwa bado na mashamba ya pamba lilisimama mbele ya ofisi yenye nguvu kubwa, na uamuzi huo sasa unamfaa raia yeyote anayeomba nyaraka za serikali katika jimbo hilo, aliyezaliwa hapo na aliyewasili jana.

Magazeti haya hayako peke yake, na haki inataka yalinganishwe na washindani. Arizona Republic, linalochapishwa tangu mwaka 1890 na sasa kumilikiwa na USA TODAY Co., kampuni iliyoitwa Gannett hadi mwaka 2025, lina waandishi hodari wa mazingira, lakini usomaji wake kamili hulipiwa na macho yake yako zaidi kwenye jimbo kuliko kwenye mtaa. Redio ya umma ya KJZZ ni ya bure na inaaminika. Kasoro yake ni kwamba haina nafasi ya kusimulia kila kikao cha kila mji. Jarida linalotumwa na ofisi ya mji pamoja na bili ya maji ni safi na lina picha nzuri, lakini haliwezi kueleza kwa nini diwani mmoja alipiga kura ya hapana. Makundi ya majirani kwenye simu huwa ya kwanza kusema kuna moshi mahali fulani, na hapo huishia. Kwa mambo ya viwanja na kodi nimeona humo uvumi ukizunguka siku nyingi ambao aya moja ya gazeti ingetosha kuuzima.

Kuna pia jumuiya ya wamiliki wa nyumba, chombo ambacho wengi wetu tunakutana nacho kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Ukinunua nyumba katika mtaa uliopangwa, unakuwa mwanachama wake utake usitake, unalipa ada, na unaweza kutozwa faini kwa sababu ya magugu au rangi ya lango. Sheria ya Arizona inataka mikutano ya bodi za jumuiya hizi iwe wazi kwa wanachama na taarifa itolewe angalau saa 48 kabla. Magazeti ya vitongoji huandika machache mno juu yake, isipokuwa ugomvi ukifika mahakamani. Kwa kuwa bodi hiyo ndiyo serikali iliyo karibu kabisa na mlango wa mkazi, nahesabu ukimya huo kuwa upungufu mkubwa.

Sasa joto. Mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo ambazo kipimo kilifika angalau nyuzi 43 za Selsiasi, na Kaunti ya Maricopa ikahesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto katika mwaka huo mmoja. Katika magazeti mengi ya vitongoji joto huandikwa kama taarifa ya hali ya hewa: kunywa maji, usimwache mtoto garini, vituo vya kupumzikia hivi hapa. Taarifa hizo zinaokoa maisha na sizibezi. Nasikitika tu kwamba haziendi hadi kwenye nyumba ya kupanga yenye kipoza hewa kibovu, ambako hatari kubwa ipo. Kanuni ya jiji la Phoenix, kwa mfano, inamtaka mwenye nyumba aliyeweka kipoza hewa ahakikishe kinaweza kushusha joto la chumba hadi nyuzi 82 za Farenhaiti, yaani karibu 28 za Selsiasi. Nimekutana na wapangaji wengi wanaozungumza Kiswahili ambao hawajawahi kuisikia kanuni hiyo, na ambao walivumilia majira yote ya joto wakidhani kulalamika ni utovu wa adabu.

Gazeti la bure linaweza kufanya zaidi ya hapo, na limewahi kufanya. Mwezi Juni 2019 Phoenix New Times, gazeti la bure la jijini, lilifichua kwamba mwaka uliotangulia mkazi mzee wa Sun City West alifariki katika nyumba yake kwa joto baada ya umeme kukatwa kwa sababu ya deni dogo. Wiki hiyohiyo habari hiyo ilikuwa katika kila kinywa, na ndani ya mwezi huo Tume ya Mashirika ya Arizona ilizuia kampuni za umeme zilizo chini yake kuwakatia wateja umeme katika miezi ya joto kali. Sijui kipimo kingine cha manufaa ya gazeti kinachozidi hicho. Ndiyo maana nayadai mengi magazeti ya pembezoni: mfano umewekwa na gazeti linalotolewa bure kama wao.

Kuhusu bidhaa yenyewe ukiishika mkononi, sina mengi. Karatasi ni nyepesi, picha za michezo ya shule za sekondari ni nzuri na huwapa watoto fahari ya kweli, na matangazo ni mengi: wauzaji wa nyumba, madaktari wa meno, mafundi wa vipoza hewa. Matangazo hayo ndiyo yanayolipia kila kitu, na msomaji anapaswa kukumbuka kwamba mtangazaji mkubwa wa kitongoji kinachokua ni yuleyule anayejenga kitongoji hicho. Sidai kwamba habari hupotoshwa kwa ajili yao. Nasema tu kwamba habari za ufunguzi wa maduka na mitaa mipya huandikwa kwa furaha kubwa kuliko uzito wake, na msomaji afanye hesabu yake mwenyewe.

Usambazaji ndio unaowaumiza watu wetu. Gazeti hutupwa mbele ya nyumba zenye uwanja wa gari. Aliyepanga ghorofani hulikosa, asipolichukua kwenye kabati la magazeti nje ya duka au ndani ya maktaba ya mji. Toleo la mtandaoni husomwa bila malipo, na hilo ni jema, lakini lazima kwanza mtu ajue kwamba lipo. Lugha ni kikwazo kingine. Kihispania kina vyombo vyake katika bonde hili tangu zamani. Kiswahili hakina hata safu moja katika magazeti haya, ingawa makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili yapo na wasomaji watarajiwa wamo humo. Naamini safu fupi ya kila mwezi, yenye tarehe za uandikishaji wa shule, mabadiliko ya bili za maji na vituo vya kupumzikia joto, ingewafikia watu ambao matangazo ya Kiingereza hayawafikii kamwe. Ningependa wahariri wayachukulie maoni haya kama ombi la msomaji anayewaheshimu.

Kwa sasa, kinachowezekana ni sisi wenyewe kulisoma na kupashana. Katika kundi la simu la kanisa au la chama cha kufa na kuzikana, kijana mmoja anayesoma Kiingereza vizuri anaweza kupewa kazi ya kupitia gazeti la wiki na kutuma sauti ya dakika chache kwa Kiswahili. Nimeona jambo hili likifanyika, na wazee waliokuwa wakiyaona mambo ya baraza kuwa ya wenyeji walianza kuuliza maswali mazito kuliko yale ya wenyeji. Mama aliyewahi kupanga foleni ya maji kambini haelezwi umuhimu wa habari ya bomba. Anachotaka ni tarehe ya kikao.

Kijana huyo aanzie kurasa za nyuma, kwenye matangazo ya kisheria yenye herufi ndogo. Sheria ya Arizona inataka tangazo la kikao cha kubadilisha matumizi ya ardhi litolewe angalau siku 15 kabla, na gazeti ni mahali pake pa kawaida. Humo ndimo mtu anaposoma kwamba shamba lililo nyuma ya shule linaombewa kibali cha maghala. Ajenda ya kikao cha baraza la mji hubandikwa angalau saa 24 kabla, na mingi ya miji hii huweka muda wa wananchi kusema, kwa kawaida dakika tatu kwa kila mtu, bila kuuliza uraia wa msemaji. Baada ya matangazo, asome habari za baraza na za bodi ya shule, kisha barua za wasomaji, ambazo hueleza hasira za mtaa kabla hazijawa kesi. Ukurasa wa mbele unaweza kusubiri.

Kwa alama, nayapa magazeti haya nne kati ya tano katika habari za maji na ardhi, tatu katika mambo ya shule, mbili katika joto na nyumba za kupanga, na moja katika kuwafikia wasiosoma Kiingereza. Nayapendekeza kwa kila anayehamia Buckeye, Goodyear, Surprise, Queen Creek au mji mwingine wa pembezoni. Anayenunua nyumba asiyategemee peke yake: kabla ya kulipa amana, apige simu Idara ya Rasilimali za Maji ya Arizona aulize kama mji umeteuliwa au mradi una cheti, na kama nyumba iko nje ya mipaka ya mji, amtake muuzaji aoneshe kwa maandishi maji yanatoka wapi.